Kabla ya kuuliza risasi gani, jiulize unapiga mita ngapi

Vijana wanaoingia kwenye kazi ya uwindaji bingwa huanza na swali moja: nyati apigwe kwa risasi gani? Mimi huwauliza kwanza: ukiwa umesimama, unahema baada ya kufuata nyayo tangu alfajiri, una uhakika na shabaha yako mita ngapi?

Hapa Tanzania, kwa wanyama hatari kama nyati bunduki haitakiwi kuwa chini ya .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi). Naikubali sheria hiyo kwa moyo wote. .375 H&H ya Waingereza (kampuni ya Holland & Holland) ipo tangu 1912 na mpaka leo sijaona sababu ya kuiacha: kichwa cha risasi cha gramu 19 hivi, kinachopenya bega la dume zito, na teke ambalo mtu wa kawaida anaweza kulizoea. Wengine hukimbilia .458 wakidhani ukubwa utafidia woga. Mtu anayefumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio atajeruhi mnyama kwa bunduki yoyote ile.

Risasi ya kwanza kwa nyati napendelea iwe laini, iliyotengenezwa imara, ile inayochanua bila kumeguka. Risasi ngumu, isiyochanua, inaweza kumtoboa na kutokea upande wa pili, na kundi likiwa limesongamana vichakani humuoni aliyesimama nyuma yake. Kwa hiyo subiri ajitenge, hata kama mgeni unayemwongoza ananong'ona kwamba nafasi inapotea. Risasi ngumu zifuate chini yake kwenye magazini, kwa sababu nyati akishageuka na kukimbia unahitaji kitu cha kupenya mwili mzima.

Umbali? Nyati asizidi mita 80, na 50 ni bora zaidi. Kwa kongoni, kuro au pofu, .300 Winchester Magnum au .30-06 zinafaa sana (pofu dume ni mzito, mimi humpigia .375), lakini hata hapo mita 200 ndiyo mwisho wangu. Najua risasi inafika mbali kuliko hapo. Ila kwenye mita 400 inakaa hewani karibu nusu sekunda, na muda huo unamtosha mnyama anayekula majani kupiga hatua moja. Ulilenga moyo, umepasua tumbo. Nayo .375 iliyosawazishwa shabaha yake kwa mita 100, ukifika mita 300 imeshashuka zaidi ya sentimita 40.

Kujua mpaka wako, tundika sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 20. Tembea haraka mpaka moyo udunde, simamisha vijiti vya miguu mitatu vya kuegemeza bunduki, piga risasi tano. Umbali ambao zote tano zinaingia kwenye sahani ndio wako. Mezani kwenye uwanja wa shabaha kila mtu ni bingwa, na porini Rungwa hakuna meza.

Wenzetu wa Kenya wamefunga uwindaji wa aina hii tangu 1977. Sisi tulioruhusiwa tunadaiwa uangalifu zaidi, na mnyama aliyejeruhiwa akapotea anahesabika kwenye leseni.

Ukishapiga, pakia tena papo hapo huku macho yako yakiwa kwa mnyama. Kisha nenda pale aliposimama, usome damu. Nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, hatakuwa mbali. Damu nyeusi iliyochanganyika na majani mabichi ni tumbo: mpe muda alale, halafu mfuate polepole, msoma nyayo aangalie chini na wewe uangalie mbele. Mfuate mpaka umpate, hata kama safari ya siku imeharibika. Nyati akiwa ameanguka, mwendee kwa nyuma na umwongeze risasi nyingine kabla hujamgusa. Ni ghali, najua, lakini hiyo usiibane.