Usitafute Chombo, Tafuta Lami: kwa anayeanza kusoma mabaharia wa kale wa California

Anayeanza kusoma ubaharia wa kale huja na swali moja: chombo chenyewe kiko wapi? Mara nyingi hakipo. Mbao, kamba na matete huoza, na mbao iliyonusurika ilichomolewa ikatumika tena au ikaishia jikoni. Tena fukwe ambazo vyombo vya kwanza vilipandishwa ziko chini ya maji leo. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipofikia kilele, usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa sasa kwa mita 120 hivi. Ukisubiri kukutana na omo la chombo mchangani ndipo uamini kwamba watu walivuka, utastaafu mikono mitupu. Chombo husomwa kupitia kile kilichobeba na kile kilichodondosha.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni visiwa vya kaskazini vya Channel Islands, kusini mwa California nchini Marekani, katika nchi ya Wachumash, wenyeji wa asili wa pwani hiyo. Visiwa ni vinne: San Miguel, Santa Rosa, Santa Cruz na Anacapa. Bahari ilipokuwa chini viliungana vikawa kisiwa kimoja kikubwa ambacho wataalamu wamekiita Santarosae, ila hakikushikana na bara. Hata mlango wa bahari ulipokuwa mwembamba kabisa, zilibaki kilomita 7 hivi za maji. Leo kutoka bara hadi Anacapa ni kilomita 20 hivi. Kwa hiyo mifupa ya binadamu iliyopatikana Arlington Springs, kisiwani Santa Rosa, mwaka 1959, ni ushahidi wa chombo hata kama hakuna aliyeona kipande cha ubao. Mtu huyo aliishi karibu miaka 13,000 iliyopita, na wazazi wake au yeye mwenyewe hawakufika pale kwa miguu.

Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa: huona kisiwa kwenye ramani ya leo wakadhani kilikuwa kisiwa siku zote. Tazama kwetu. Unguja ilikuwa imeshikana na bara zama za barafu, kwa hiyo zana za mawe za wakati huo katika pango la Kuumbi hazituambii lolote kuhusu bahari, maana waliozitumia waliweza kutembea hadi pale. Pemba ni habari nyingine, kwani mkondo wake una kina cha mamia ya mita na haukukauka. Kabla hujaandika neno “walivuka”, chukua ramani ya kina cha bahari, shusha maji kwa kiwango cha wakati unaousoma, kisha upime umbali uliobaki. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, na huokoa aibu ya miaka.

Baada ya ramani zinakuja tarehe, na humo mna mitego mitatu.

Wa kwanza ni kuchanganya miaka ya kaboni, yaani umri unaosomwa kutokana na kaboni inayopungua katika mabaki, na miaka ya kalenda. Mfupa wa Arlington Springs ulipimwa ukatoa takriban miaka 10,960 ya kaboni. Ukisahihishwa unakaribia miaka 13,000 ya kalenda. Ukichukua namba moja kutoka makala ya zamani na nyingine kutoka makala mpya ukaziweka kwenye jedwali moja, umetengeneza pengo la miaka 2,000 ambalo halikuwahi kuwapo. Kumbuka pia kwamba “kabla ya sasa” katika hesabu hizi maana yake ni kabla ya 1950, si kabla ya leo.

Wa pili ni makombe. Kome na abaloni hujenga gamba kwa kaboni ya maji ya bahari, ambayo ni kongwe kuliko ya hewani. Kwa wastani wa bahari za dunia, kombe lililokufa jana huonekana lina miaka 400 hivi. Pwani ya California ina tatizo la ziada, kwa sababu upepo husukuma maji ya juu kwenda nje na maji baridi ya vilindini hupanda kushika nafasi yake, yakileta kaboni kongwe zaidi. Hapo unaongeza miaka mingine 200 na ushei. Usikope marekebisho ya pwani nyingine. Wala usisahau kwamba binadamu aliyekula samaki na sili maisha yake yote naye hubeba ukongwe huo katika mifupa, kwa kadiri ya chakula chake.

Wa tatu ni kuni. Visiwa hivyo vina miti michache, na watu walichoma magogo yaliyoletwa na mawimbi. Mredwudi, mti mkubwa wa pwani ya California, huweza kuishi zaidi ya miaka 1,000, kisha gogo lake likaelea na kulala ufukweni kabla ya kuwashwa. Mkaa wa namna hiyo hukupa umri wa mti na si wa moto. Chagua vijiti vyembamba au mbegu zilizoungua, na inapowezekana upime mkaa na kombe kutoka tabaka moja uone kama vinakubaliana. Visipokubaliana, usichague kile kinachokupendeza.

Faida moja ya visiwa hivi ni kwamba havina gofa, wanyama wachimbaji wa jamii ya panya ambao bara wamevuruga majaa ya makombe kiasi kwamba shanga ya juzi inalala chini ya jiwe la miaka elfu tano. Ukihama kutoka kisiwani kwenda kuchimba bara, punguza imani yako katika matabaka.

Sasa chekeche. Ukichekecha kwa tundu za milimita 6, utapata makombe makubwa na mifupa ya sili, halafu utaandika kwamba watu hawa hawakuvua. Samaki wako wamepita wote wakaenda na vumbi. Tumia milimita 3 kwa kazi ya kawaida, na kwa nguzo ndogo ya sampuli, tuseme sentimita 25 kwa 25 kutoka juu hadi chini ya jaa, shuka hadi milimita 1.5 na uoshe kwa maji. Dagaa hawaonekani bila hivyo. Katika pango la Daisy, kisiwani San Miguel, uangalifu wa aina hii ulitoa maelfu ya mifupa ya samaki kutoka matabaka ya miaka 10,000 na chini kidogo, pamoja na vipande vya kamba za nyasi za baharini na vijiti vya mfupa vyenye ncha mbili. Vijiti hivyo ni ndoana za mwanzo: unafunga kamba katikati, unaficha ndani ya chambo, samaki akimeza kinakaa mkingamo kooni. Kikivunjika nusu hufanana sana na sindano au ncha ya mshale, basi tafuta mkwaruzo au alama ya lami katikati, pale kamba ilipofungwa. Ndoana za mviringo za kombe huja baadaye sana katika visiwa hivi, miaka 2,500 hivi iliyopita.

Kuhusu mifupa, jifunze kuipa kila mmoja uzito wake. Sili hupanda ufukweni kuzaa, na mtu mwenye rungu anaweza kumpata bila kulowa miguu. Nyangumi hukwama mwenyewe. Samaki wa miambani huvuliwa ukiwa umesimama juu ya jabali, na ndege wa bahari nao huacha mifupa ya samaki mapangoni. Hao wote si mashahidi wa chombo. Samaki mwenye pua ya upanga, anayefanana na nduaro, ni shahidi mzuri zaidi, kwa kuwa ni wa maji ya mbali na hauawi na mtu aliye ndani ya kitu kinachopinduka ovyo. Mashahidi bora kuliko wote ni mizigo. Visiwani hakukuwa na paa wa porini, hivyo zana ya mfupa wa paa ilivuka. Mawe ya kioo cha volkano yalivuka. Masufuria mazito ya jiwe laini la Santa Catalina yaliyofika mbali na kisiwa hicho yanakwambia zaidi ya kwamba watu walisafiri: yanakupa kipimo cha ubebaji.

Chombo kilichobeba mizigo hiyo katika karne za mwisho ni tomol, chombo cha mbao zilizoshonwa. Tunakijua kwa undani kwa sababu mzee Mchumash, Fernando Librado, alimweleza mtafiti wa lugha na mila, John P. Harrington, hatua za ujenzi mwanzoni mwa karne ya 20. Jifunze hatua hizo kwa sababu kila moja huacha takataka yake, na takataka ndizo utakazozipata.

Mbao zilitoka kwenye magogo ya bahari, mredwudi akipendwa zaidi: mwepesi, mnyoofu, hauozi upesi. Ulitupwa ubao wowote wenye fundo, kwa kuwa fundo huchomoka na kuacha tundu. Gogo lilipasuliwa kwa kabari za mfupa wa nyangumi, mbao zikachongwa kwa tezo na kupunguzwa hadi unene wa sentimita 2 hivi. Ubao wa chini uliachwa mnene zaidi. Hakuna mataruma. Kuta zilipandishwa safu juu ya safu, kila ukingo ukilinganishwa na mwenzake, ukagandishwa kwa yop, mchanganyiko wa lami ngumu ya asili ya nchi kavu na utomvu wa msonobari uliochemshwa. Lami laini inayotupwa ufukweni haikufaa kazi hii. Moto nao ulitaka jicho, maana lami iliyopashwa kupita kiasi hukakamaa na kupasuka. Kisha matundu yalitobolewa kwa keekee, mbao zikafungwa kwa kamba za nyuzi za mimea, matundu yakazibwa kwa yop, na mshono ukakalafatiwa kwa moyo mkavu wa matete. Katikati uliwekwa ubao mmoja wa kukingama ili kuta zisifunguke. Mwisho ngozi ya papa badala ya msasa, na rangi ya ngeu. Kazi ya miezi kadhaa, na bado kilivuja: katika safari mmoja kazi yake ilikuwa kufua maji.

Rudi sasa kwenye trei yako ya maabara. Bonge la lami peke yake halina maana. Wachumash walipaka lami ndani ya vibuyu vya kusukwa vya kubebea maji, wakigeuzageuza humo kokoto za moto. Kokoto hizo zenye lami huchanganywa na mabaki ya ujenzi wa chombo kila mwaka na mtu mpya. Geuza bonge chini ya taa ya pembeni. Alama za msuko ni kikapu. Alama za mistari ya ubao upande mmoja na kamba upande mwingine ni mshono wa chombo, na kizibo chenye umbo la tundu ni bora zaidi. Keekee pia ni za aina mbili: zile ndogo sana, zilizojaa kwa maelfu Santa Cruz, ni za kutobolea shanga za kombe, za kutobolea mbao ni kubwa na nene, na baadhi bado zina lami kwenye ncha. Ukizihesabu pamoja, kila kijiji cha shanga kitageuka karakana ya vyombo. Kwa kuunganisha vitu vya namna hii, vipande vya mbao vikiwemo, mwanaakiolojia Lynn Gamble alionyesha kuwa tomol ilikuwapo angalau miaka 1,300 iliyopita. Walichotumia waliovuka zaidi ya miaka 11,000 kabla ya hapo, huenda ni matete yaliyofungwa na kupakwa lami, hiyo ni hoja tu. Iandike kama hoja.

Utakutana pia na mjadala wa Kathryn Klar, mwanaisimu, na Terry Jones, mwanaakiolojia, ambao mwaka 2005 walidai kwamba ushonaji wa mbao na neno lenyewe tomol vilitoka kwa Wapolinesia, mabaharia wa visiwa vya Pasifiki. Soma ushahidi wa maneno kwa makini, lakini mshono peke yake usikubabaishe. Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi. Dalca ya visiwa vya Chiloé, Chile, ilishonwa pia. Hakuna anayedai kwamba fundi wa Lamu alikutana na fundi wa Chiloé. Asiye na msumari lakini ana mbao, keekee na kamba, hana njia nyingi. Ukitaka kulielewa hilo kwa mikono, chukua vipande viwili vya mbao vya nusu mita, linganisha kingo, toboa, shona, ziba kwa deheni au lami, kisha uviache majini usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa yamepitia kwenye matundu zaidi kuliko kwenye kiungo. Hapo utajua kwa nini vizibo ni vingi.

La mwisho ni la kufanywa kwanza. Wachumash wapo. Sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu makaburi na mabaki ya wenyeji inawapa sauti juu ya mifupa na vitu vitakatifu, na kibali cha karatasi bila mazungumzo nao hakikufikishi mbali. Mwaka 1997 walijenga tomol iitwayo 'Elye'wun, na Septemba 2001 wakavuka nayo hadi Santa Cruz, ambayo wao huiita Limuw. Wapiga kafi hao huondoka gizani, kabla upepo wa mchana haujaamka. Ukiandika makadirio ya saa za kuvuka, anza na saa zao, na uache ile hesabu ya kugawa kilomita kwa mwendo.