Ultrasaundi imeonyesha kitovu kina mishipa miwili

Pole kwa wasiwasi, dada. Kipimo cha wiki 20 kuonyesha kitovu kina mishipa 2 badala ya 3 si hukumu, na wifi yako anayesema mtoto atazaliwa mlemavu anakutia hofu bure. Kwa kawaida mshipa mmoja mkubwa humpelekea mtoto damu yenye oksijeni na chakula, na miwili midogo huirudisha kwenye kondo. Wako amekosa mmoja wa hiyo midogo. Hutokea kwa takriban mimba 1 kati ya 100 hadi 200, na uliobaki mara nyingi hutanuka ukabeba kazi yote.

Uliza hivi: moyo na figo za mtoto zilitazamwa? Kama ripoti haizitaji, omba mtaalamu mzoefu arudie. Zikiwa sawa, wengi huzaliwa wazima kabisa. Wachache hukua taratibu, kwa hiyo omba kipimo kingine miezi ya mwisho. Akipunguza kucheza, usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Leba ikianza, mwambie mkunga. Akishakata kitovu ataona vitundu vya mishipa kwa macho tu. Na ukiambiwa utumie dawa za "kuzibua mishipa", achana nazo.