Kwa Nini Chumba cha Kulia Kilikuwa cha Rangi Nzito na Mbali na Jiko?

Swali: Nasomea usanifu wa ndani. Katika picha za majumba ya Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria naona vyumba vya kulia vyenye kuta za rangi nzito, na kwenye ramani zake jiko liko mbali mno. Je, wasanifu walikosea?

Jibu: Hawakukosea, ndugu msomaji; umbali huo uliwekwa kwa makusudi. Jiko la jumba kubwa liliwaka makaa ya mawe kutwa, na mwenye nyumba hakutaka harufu ya nyama wala kelele za masufuria ziwafikie wageni wake. Kwa hiyo chakula kilipitishwa kwenye korido ndefu hadi chumba kidogo cha kuandalia kilichopakana na chumba cha kulia. Chunguza Lanhydrock, huko Cornwall, jumba lililojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1881, uone kabati la kuhifadhia vyakula vikiwa moto.

Jambo lililobadili zaidi chumba chenyewe ni namna ya kupakua. Awali vyakula vingi vilipangwa mezani kwa pamoja, lakini katikati ya karne ya 19 ulienea mtindo wa Kirusi, ambapo watumishi huzunguka wakimpitishia kila mgeni chakula kimoja baada ya kingine. Hapo ndipo ilipohitajika nafasi ya kutosha nyuma ya viti, pamoja na meza pana ya pembeni iliyoegemezwa ukutani, huku katikati ya meza kuu pakiachiwa maua, matunda na vinara vya fedha.

Kuhusu rangi, kumbuka kwamba mlo mkuu ulikuwa wa jioni. Ukuta mwekundu uliokolea, ukiangazwa na mishumaa, huvifanya vyombo vya fedha na fremu za dhahabu ving'ae kwa namna ambayo ukuta mweupe hauwezi. Picha iliyopigwa mchana haikuonyeshi hilo. Msanifu Robert Kerr, katika kitabu chake cha mwaka 1864 kuhusu nyumba ya muungwana, alitaka chumba hiki kiwe na sura nzito ya kiume, tofauti na sebule ya wanawake. Viti vilivambwa ngozi, ambayo hainasi harufu ya chakula kama kitambaa.

Kwa hiyo unapochora, anza na njia ya mtumishi kutoka jikoni hadi nyuma ya kiti cha mgeni, kisha ndipo upange meza.