Maswali ya Wasomaji: Nusu Siku Kwenye Mizabibu ya Dodoma

SWALI: Shikamoo anti. Naishi Tabata, Dar. Mwishoni mwa mwezi wa nane nakuja Dodoma kwenye semina ya kazini, inaisha Ijumaa na treni yetu ya kurudi ni Jumamosi jioni. Tuko wanawake watatu, tunataka asubuhi ile twende kuona mashamba ya zabibu na kuonja waini, ila wenzetu wanatukatisha tamaa, wanasema hamna cha kuona kule ni vumbi tu, na waini ya Dompo hata dukani kwa Mangi ipo. Nusu siku inatosha kweli? Na tunaanzia wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, karibuni sana. Waliokwambia hamna cha kuona wamekosea, na nyie mmepata bahati ya tarehe maana mwisho wa mwezi wa nane ndo msimu wenyewe. Huku kwetu hakuna baridi kali ya kuilaza mizabibu kama Ulaya, kwa hiyo mkulima ndo anaiamsha mwenyewe kwa kuipogoa, akishapogoa anasubiri kama miezi minne anavuna, halafu anaanza tena. Ndio maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza ni kwenye mwezi wa tatu hivi mvua ikiwa bado haijakata na mara ya pili ni mwezi wa nane na wa tisa kukiwa kukavu kabisa. Ya kiangazi ndo nzuri zaidi kwa waini, maana kipindi cha mvua magonjwa ya ukungu yanasumbua sana na zabibu inajaa maji sukari inashuka.

Nusu siku inatosha, tena inatosha vizuri, mradi mchague sehemu mbili tu, shamba moja na sehemu moja wanaposindika. Watu wengi wanataka Hombolo, Makutupora, Bihawana na Chinangali zote kwa asubuhi moja, wanaishia kuona barabara. Nyie mkiniuliza mimi nawapeleka Hombolo. Ni kama kilomita 40 kutoka mjini, kuna bwawa, kuna mashamba ya wananchi, na kuna kiwanda cha Cetawico kilichoanzishwa na Waitaliano kikiwa na mashamba yake hapohapo, kwa hiyo zabibu na tangi mnaviona bila kuzunguka sana. Ila jamani pigeni simu kabla, sio mnafika getini Jumamosi na kuanza kumbembeleza mlinzi. Pigeni mapema wiki hiyohiyo ya semina, semeni mko watu wangapi, ulizeni siku hiyo watakuwa wanasindika au la na kuonja ni shilingi ngapi. Wakikataa, basi shikeni barabara ya Arusha mwende Veyula na Makutupora kwenye mashamba ya wakulima, ni karibu zaidi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI nacho kiko Makutupora lakini kile ni cha serikali, wikiendi msikitegemee.

Usafiri tafuteni taksi au Noah ya kukodi na dereva atakayewasubiri, na mkubaliane kabisa kabla hamjatoka bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Dereva haonji, hata tone, na hilo mwambieni mapema ili asije akajisikia vibaya mkiwa mezani. Bajaji kwa Hombolo hapana. Ondokeni saa moja asubuhi. Hili la saa nalisisitiza kwa sababu wavunaji wanaanza alfajiri kabla jua halijawa kali, mkifika saa nne wameshamaliza, mnakuta kreti zimepakiwa na watu wamekaa kivulini.

Shambani msiishie kupiga picha. Mkifika salimieni, mkisema mbukwa, salamu ya Kigogo, mtaona sura zinavyofunguka, halafu mwombeni mwenye shamba awaoneshe kichala kilichoiva na kisichoiva. Zabibu ina kitu kama unga mweupe juu ya ganda, ukiipangusa kwa kidole inang'aa, ule ni nta yake yenyewe sio dawa (ingawa dawa zinapulizwa pia, kwa hiyo osheni kabla ya kula). Sasa chukua punje moja ya zabibu aina ya Makutupora nyekundu, ile nyeusi kabisa kwa nje, ipasue katikati kwa kucha. Ndani nyama yake haina wekundu wowote, ni nyeupe ya majimaji. Angalia na mbegu, zikiwa za kijani bado, zikiwa za kahawia na ukiitafuna moja inakatika kwa mlio basi imekomaa. Hapo utakuwa umeelewa nusu ya kazi ya kiwandani, kwa sababu rangi ya waini nyekundu yote inatoka kwenye ganda. Wanaponda, wanaacha maganda yachachuke pamoja na maji yake kwa siku kadhaa ndo wanakamua. Nyeupe wanakamua kwanza na kutoa maganda, ndo wanachachusha.

Kiwandani ombeni muone mashine inayotenganisha punje na vikonyo, na kama kuna tangi linachachuka sikilizeni tu, linatoa sauti ya kuchemka bila moto, harufu yake inakaa kwenye nguo. Msiinamie mdomo wa tangi hata mkisukumwa na hamu, ile hewa inayotoka ni kaboni daioksaidi na inaangusha mtu kweli, sio hadithi.

Kwenye kuonja anzeni na nyeupe, halafu nyekundu kavu (yaani isiyo na utamu), tamu iwe ya mwisho, maana ukianza na tamu kila kinachofuata utakiona kichachu. Kidogo tu kwenye glasi, zungusha, nusa, chukua funda uliache mdomoni kwanza, na kama kuna ndoo ya kutemea temeni bila aibu. Kunyweni chai nzito kabla ya safari, na maji kati ya glasi na glasi, mko juu kwenye uwanda mkavu wa zaidi ya mita 1,000, kiu inawavizia. Ulizeni kama kuna waini nyeupe ya Chenin Blanc, zabibu hii asili yake ni Ufaransa lakini huku imekubali vizuri sana, halafu mlinganishe na Makutupora nyekundu ambayo imebeba jina la kwetu. Dompo ninyi mnaijua tayari, ni tamu na kali, ina wapenzi wake na siwatenganishi nayo, ila mkirudi Dar na Dompo peke yake mtakuwa hamjaonja Dodoma.

Chupa mtakazonunua msiziache kwenye buti la gari juani wakati mnakula. Jua la Dodoma la saa saba linaipika waini ndani ya muda mfupi na kizibo kinaanza kusukumwa. Zifungeni kwenye kanga, kaeni nazo miguuni. Saa nane mko mjini na treni ya jioni hamuikosi.

SWALI: Anti, sisi tumehamia Dodoma kikazi tunakaa Ilazo. Mimi na mume wangu ni Waislamu, hatutumii kilevi, na tuna watoto wawili. Kila mgeni akija watu wanamwambia nenda kaone zabibu. Hivi safari hizi na sisi zinatufaa au ni za wanywaji tu?

JIBU: Zinawafaa sana dada yangu, na ningependa familia nyingi zaidi ziende. Zabibu Dodoma ilianza kupandwa kwa ajili ya divai ya misa, wamisionari wa Bihawana miaka ya 1950, lakini leo ni zao la biashara la maelfu ya kaya, liko kwenye ada za shule na mabati ya nyumba. Watoto wa Dodoma wanastahili kulijua. Nyie nendeni shambani tu, kiwanda achaneni nacho. Veyula ni karibu na Ilazo, asubuhi moja inatosha, watoto wavae viatu vya kufunika maana miiba haikosekani, na mwenye shamba akiwaruhusu wakate kichala kimoja kimoja kwa mkasi. Nunueni hapohapo kwa ndoo, ni bei nafuu kuliko zile za kwenye visahani barabarani na hela inamfikia aliyelima.

Nyumbani mtengeneze juisi, ila hapa nisikilize vizuri. Juisi mbichi ya zabibu ukiiacha mezani kwa joto letu hili, ndani ya siku moja au mbili inaanza kuchachuka yenyewe bila mtu kuiongeza kitu, kwa sababu hamira ya asili ipo kila mahali mpaka kwenye maganda. Ukiona vipovu na harufu imebadilika ujue imeshaanza kuwa pombe. Kwa hiyo zioshe, zitoe kwenye vikonyo, zibandike jikoni kwa moto mdogo mpaka zipasuke, chuja kwa kitambaa, chemsha tena kidogo, ipoze na iingie kwenye friji haraka, mnywe ndani ya siku chache. Inayobaki gandisheni. Sukari wala haihitajiki kama zabibu zimeiva.

SWALI: Mimi ni kijana wa Area C. Nilienda na washkaji kuonja, ile tamu ilikuwa fresh lakini nyekundu kavu ilinikausha ulimi, chungu, nikahisi imeharibika. Nimeitupa hela au?

JIBU: Haijaharibika mdogo wangu. Kile kinachokausha ulimi kinaitwa tanini, kinatoka kwenye maganda na mbegu, ni kitu kilekile unachokisikia kwenye chai ya rangi iliyokaa sana kwenye majani. Waini iliyoharibika kweli inanukia siki, au rangi ya kucha, hiyo rudisha bila kuogopa.

Nina wasiwasi na mambo mawili kwako. La kwanza ni joto. Vitabu vinasema nyekundu inywewe kwa joto la chumbani, lakini chumba kinachosemwa humo ni cha Ulaya, kama digrii 18, sio chumba cha Area C mwezi wa kumi. Ikiwa ya moto ule ukali wa pombe ndo unatangulia na ladha ya tunda inapotea. Iweke kwenye friji kama nusu saa kabla ya kufungua, usimsikilize atakayekushangaa. La pili, ulikunywa kavu ikiwa peke yake. Waini kavu inataka nyama. Jumamosi pita mnada wa Msalato uchukue mbuzi choma, iwe na mafuta kidogo na chumvi, pilipili punguza, fika nayo nyumbani ufungue ile chupa iliyokushinda. Mafuta na protini ya nyama vinaituliza tanini, na waini nayo inasafisha mdomo unatamani kipande kingine. Ikikushinda tena hapo nitakubali kwamba wewe ni mtu wa tamu, na sio kosa.

Na naomba uijaribu kwa moyo, kwa sababu mkulima wa Dodoma anategemea watu kama wewe. Zabibu ikishakatwa haisubiri, siku chache tu imeoza, na soko likigoma mkulima anabaki na hasara mkononi. Ndio maana siku hizi wanasindika mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, na kuuhifadhi kwenye matangi mpaka mnunuzi apatikane. Tukizoea kunywa waini yetu hapa nyumbani, kavu na tamu, mchuzi unaosubiri kwenye yale matangi utapungua.

SWALI: Anti shikamoo. Nyumbani Mbabala baba ana ekari moja ya zabibu. Siku hizi wageni wanakuja na magari, wanaingia, wanapiga picha, wanachuma, wanaondoka na asante tu. Baba anaona aibu kudai hela. Ni vibaya kuwatoza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sio vibaya kabisa, watozeni. Mgeni ni baraka lakini anayekuja na gari la kukodi ameshalipa dereva, ameshalipa chakula, hawezi kushindwa kulipa shamba ambalo ndo amelifuata. Mwambie baba aweke kiingilio kidogo kinachojumuisha kichala kimoja kwa kila mtu, zaidi ya hapo ni kwa kilo. Andikeni bei kwenye kibao pale mnapoingilia, hapo aibu inaisha maana hakuna anayedai, kibao ndo kinadai.

Na kuchuma kwa mkono kataza kabisa. Mtu akivuta kichala anavunja tawi, na macho ya kuchipua msimu unaokuja yako kwenye matawi hayohayo ya sasa, kwa hiyo mgeni mmoja asiyejua anakula zabibu ya leo na ya miezi ijayo. Wewe kijana ndo uwe unawatembeza, shika mkasi mwenyewe, waoneshe mlivyopogoa, waoneshe na mchwa anavyokula nguzo ili wajue hii kazi ina gharama. Ongea na madereva wawili watatu wa taksi pale mjini wawe wanakupigia kabla hawajaleta watu, na siku mliyopuliza dawa uwaambie wazi wasije.