Injini Ilizima, Ilizimika au Ilizimwa?

SWALI: Asalamu alaikum, mwalimu. Tulikuwa kwenye boti tukivuka kutoka uwanja wa ndege wa Manda kuja Amu. Abiria mmoja akasimulia habari ya ndege ya pangaboi mbili iliyopata hitilafu ya mafuta angani, akasema "injini moja ilizimwa." Nahodha akamrudi: "Sema ilizima." Nani kapatia? (Msomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Waalaikumu salamu, ndugu yangu. Inategemea kilichotokea huko juu.

"Zima" ina nyuso mbili: taa imezima yenyewe, na mtu huizima taa. Nahodha hana tatizo nayo, kwa kuwa mashine ya boti ikizima kila mtu huona kama kuna aliyeigusa. Kwenye ndege mimi napendelea tutenganishe. Ikifa yenyewe, imezimika. Rubani akiikatia mafuta kwa makusudi, imezimwa. Tarehe 4 Februari 2015, mjini Taipei, injini moja ya ATR 72, ndege ya abiria ya pangaboi mbili, ilipoteza nguvu, na rubani akaizima ile nyingine iliyokuwa ikifanya kazi. Watu 43 walikufa. Ukiandika tu kwamba "injini zilizima", umeuficha mkono wa mtu, na msiba ulikuwa hapo. Ndiyo maana marubani hutakiwa kuhakikishiana ni injini ipi kabla ya yeyote kugusa kitu.

Mafuta nayo yana maneno yake. Tukisema "maji yamekatika" hatusemi kisima kimekauka. Vivyo hivyo tangi la bawa laweza kuwa na mafuta tele, lakini chujio limeziba au pampu imekufa: mafuta yamekatika, hayakwisha. Kuna njia ya kuyavuta kutoka tangi la upande wa pili, ila ikishukiwa kuna mvujo, kuifungua njia hiyo kwaweza kumwaga hata mafuta yaliyosalimika.

Tarehe 6 Agosti 2005 ATR 72 iliyotoka Bari kwenda Djerba ilifungwa geji ya mafuta ya ATR 42, ndege ndogo kuliko hiyo. Injini zote mbili zikazimika. Marubani wakahangaika kuziwasha, maana geji iliwaonyesha mafuta yapo. Waliamini yamekatika, kumbe yamekwisha. Ndege ikaangukia baharini karibu na Sicilia, na kati ya watu 39, 16 wakafa.

Basi ukikutana tena na yule abiria, muulize: nani aliizima? Akijibu "rubani", kapatia yeye. Akijibu "hakuna", nahodha ndiye aliyesema sawa, ingawa mimi ningeandika "ilizimika".