Kabla ya kuuliza Gangwon iko wapi, uliza mwaka gani

Nilipoanza kuandika habari za Korea, niliandika bila wasiwasi kwamba Sokcho, mji wa wavuvi wa mkoa wa Gangwon, kwenye pwani ya mashariki, umekuwa wa Kusini tangu nchi igawanywe mwaka 1945. Mhariri akanirudishia karatasi na maneno mawili tu pembeni: "Chukua rula." Nikailaza rula kwenye latitudo ya 38. Sokcho hiyo hapo, juu ya mstari. Kumbe hadi vita vilipoanza mwaka 1950 mji huo ulikuwa chini ya utawala wa Kaskazini.

Ndugu unayeanza kazi hii, kosa langu lilikuwa kudhani mpaka wa leo ndio ule wa 1945. Ule wa mwanzo ulikuwa mstari ulionyooka, ndiyo hiyo latitudo ya 38. Wa leo umetokana na mkataba wa kusitisha mapigano wa 1953, nao umekwenda mshazari: magharibi unashuka chini ya 38, mashariki unapanda juu yake. Ndiyo maana Kaesong, iliyokuwa Kusini, ikaangukia Kaskazini, huku Sokcho, Yangyang, Inje na Hwacheon zikienda kinyume chake.

Mkoa uliopasuliwa hasa ni Gangwon. Leo ipo miwili, kila nchi na wake; Kaskazini huandikwa Kangwon, lakini kwa Kikorea ni jina lile lile. Wilaya nazo vivyo hivyo: kuna Goseong ya huku na Goseong ya kule, Cheorwon ya huku na Cheorwon ya kule. Ukikuta "wilaya ya Cheorwon" kwenye maandishi, usiendelee kabla hujajua ni ipi.

Ukipata nafasi, angalia kwa makini picha za Cheorwon ya Kusini. Kuna jengo la ghorofa tatu ambalo limebaki kuta tu, zimejaa matundu ya risasi, madirisha hayana kitu. Lilijengwa mwaka 1946 liwe ofisi ya chama tawala cha Kaskazini. Picha hiyo moja ingeniepusha na aibu ya rula.

Mwaka huo huo wa 1946 Kaskazini walifanya jambo linalowachanganya wengi. Waliichukua Wonsan, bandari iliyokuwa ya mkoa uitwao Hamgyong Kusini (nao uko Kaskazini, jina lisikupoteze), wakaitia Kangwon na kuifanya makao makuu ya mkoa. Serikali ya Kusini haikuyatambua mabadiliko hayo, kwa hiyo kwenye ramani zake rasmi Wonsan bado ni ya Hamgyong Kusini. Ramani mbili, mji mmoja, mikoa miwili. Usiseme moja imekosea. Sema imechorwa na nani.

Jina lenyewe la Gangwon ni la 1395, limeunganishwa kutoka miji ya Gangneung na Wonju. Usidhani basi mmojawapo ndio makao makuu. Wonju ilikuwa nayo kwa karne nyingi, lakini tangu 1896 ni Chuncheon, na leo kwa upande wa Kusini tu.

Gangneung na Wonju zimetenganishwa na milima ya Taebaek, inayoshuka kutoka kaskazini hadi kusini karibu kabisa na bahari. Magharibi yake ni Yeongseo, ambako mito inatiririka kuelekea mto Han na Seoul. Mashariki ni Yeongdong, ukanda mwembamba wa pwani unaopigwa na theluji nzito pepo zikitoka baharini. Mimi ukiniuliza, mgawanyo huu wa milima unaeleza maisha ya watu kuliko mipaka ya wilaya.

Mipaka ya kusini nayo haikutulia. Wilaya ya Uljin ilihamishiwa mkoa wa Gyeongsang Kaskazini, ambao nao ni wa nchi ya Kusini, mwaka 1963, kwa hiyo takwimu za Gangwon za 1960 na za 1970 usizilinganishe hivi hivi. Na tangu Juni 2023 Gangwon ya Kusini ina hadhi ya mkoa maalumu unaojitawala. Jina refu utakaloliona kwenye nyaraka mpya ni la mkoa huo huo.

Tahajia pia ichunge. Mwaka 2014 Mkenya mmoja aliyekuwa akienda kwenye mkutano wa bioanuwai huko Pyeongchang, Gangwon, alikatiwa tiketi ya Pyongyang, mji mkuu wa Kaskazini. Aligutuka ndege ikishuka, na bila viza akaishia kuhojiwa uwanjani. Waandaaji wa Olimpiki ya 2018 walikuwa wakiandika PyeongChang, herufi C ikiwa kubwa.