Mtoto akitoka kwenye mashine, usiishie kwenye mapafu

Jana jioni nilimtuma mwanangu dukani, hapa hapa Kirumba. Chumvi, kiberiti, nyanya na mafuta ya kupima. Nikabaki dirishani roho juu. Akarudi na vitu vyote vinne na chenji mkononi, nami nikalia kama mtu aliyefiwa. Mwaka jana huyu huyu ukimwagiza vitu viwili analeta kimoja, au unamkuta kasimama njiani hakumbuki alikuwa anaenda wapi.

Alizaliwa Uingereza, baba yake akiwa masomoni. Wakati wa uchungu alivuta kinyesi chake cha kwanza, mapafu yakaziba, mishipa ya mapafu ikabana. Mashine ya kupumulia haikutosha, wakamweka kwenye ekmo, mashine inayofanya kazi ya mapafu nje ya mwili. Damu inatolewa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, inapitishwa kwenye pafu la bandia ipate oksijeni, kisha inarudishwa mwilini kupitia ateri ya shingo hiyo hiyo. Siku sita nilikaa natazama mpira mmoja unatoa damu nyeusi, mwingine unarudisha nyekundu. Ili isigande walimpa heparini, na dawa hiyo hiyo inaweza kusababisha damu ivujie kwenye ubongo. Ndiyo maana kila asubuhi daktari alimpaka jeli utosini, pale mfupa haujafunga, akampima kwa ultrasaundi. Sikuwahi kuangalia skrini. Nilikuwa namsoma daktari usoni.

Hakuvuja. Tukarudi Mwanza na kovu upande wa kulia wa shingo, fupi kama njiti ya kiberiti. Ndugu wakaja, tukamshukuru Mungu, nikaona yamekwisha. Barua iliyosema apimwe masikio na ukuaji wa akili mara kwa mara niliitia kwenye begi la vyeti, ikakaa humo miaka. Kosa hilo ni langu.

Kisha ikaja shule. Mwalimu akisema toeni madaftari ya hesabu, andikeni tarehe, fungueni ukurasa fulani, mwanangu anatoa daftari anabaki kulishika. Akaitwa mvivu. Akachapwa. Mbele ya wazazi wenzangu nikaambiwa, "Mayu, mtoto umemdekeza." Mpaka leo neno hilo linanichoma. Tulipokuja kumpima, sikio la kushoto lilikuwa limepungua kusikia, wakati kipimo cha uchanga kilikuwa safi. Kwa watoto hawa usikivu unaweza kupungua polepole, miaka baada ya kutoka hospitali.

Mashine siilaumu. Tangu daktari Robert Bartlett alipomwokoa nayo mtoto mchanga kule Marekani mwaka 1975, imerudisha wengi. Utafiti wa Uingereza uliotoka 1996 ulikuwa na watoto 185: kati ya 93 waliopangiwa ekmo walikufa 30, na kati ya 92 waliopangiwa matibabu ya kawaida walikufa 54. Walionusurika walipofuatiliwa hadi miaka saba, wengi akili yao ilikuwa ya kawaida, ila ugumu wa kujifunza na masikio yanayopungua kusikia vilionekana kwenye makundi yote mawili, waliopangiwa ekmo na wasiopangiwa. Maana yake ule ugonjwa wenyewe, ile kukosa hewa kabla hata ya mpira kuingia shingoni, nao unaacha alama.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, unayemtakia mwanao afike mbali kama ninavyomtakia wangu, mpime masikio. Mpime hata kama alipimwa akiwa mchanga. Mwambie mwalimu historia yake siku ya kwanza, usingoje aitwe mvivu. Nyumbani mpe agizo moja, alirudie kwa mdomo wake, ndipo umwongeze la pili; sisi imetuchukua mwaka mzima kufika vitu vinne. Na masikio, narudia, mpime. Hata kama wako hakuwekwa ekmo, ila alichelewa kulia akalazwa siku nyingi na oksijeni, haya yanakuhusu. Mtoto anaweza kukimbia na wenzake kwenye mawe ya ziwani kutwa nzima, anacheka, ana afya, na bado kichwa kikawa kinahangaika peke yake. Tusiwachape kwa hilo. Wameshapigana vya kutosha.

Ile barua nimeitoa kwenye begi. Jumatatu naipeleka shuleni mwenyewe, na nakala ya mwalimu wa darasa la nne nimeshaitoa.